Jeshi la Wanamaji na Karakana ya Mabamba

Wasikilizaji wangu wa Mabamba, Kibondo, Kakonko na Kasulu, na nyote mnaotusikia kule chini, ufukweni Kigoma, asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa haraka litaonekana liko mbali na sisi watu wa milimani: vyombo na vifaa vya jeshi la wanamaji, na nani anayestahili kuvibuni. Nasema sisi pia tunastahili. Fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni Mabamba, kijana anayefunga sola Kibondo mjini, fundi wa pikipiki wa Kasulu, wote wana nafasi katika kazi hii. Kila mwaka unaopita bila kuwauliza, nchi inapoteza kitu.

Tuanze na maji yetu wenyewe. Mto Malagarasi tunauona hapa mpakani, kati yetu na ndugu zetu wa Burundi. Ukitoka huku unakunja kuelekea mashariki, unaingia kwenye mabwawa makubwa ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Kisha unarudi magharibi, unapita Uvinza, na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika kule Ilagala. Kwa hiyo mtu wa Mabamba asiambiwe kwamba ziwa si lake. Maji ya ziwa lile yanapita mlangoni kwake kwanza.

Karibu na mdomo wa mto huu, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao kubwa kuliko zote ziwani, Graf von Götzen. Ndiyo hii tunayoiita MV Liemba. Historia yake wengi mnaijua kwa juu juu, lakini leo tuitazame kwa jicho la fundi.

Meli ile ilijengwa na kiwanda cha familia ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani. Swali walilopewa lilikuwa gumu: jenga meli yenye urefu wa mita sabini na kitu, kwa ajili ya ziwa ambalo halifikiki na meli yoyote kutoka baharini. Jibu lao lilikuwa kuijenga ili ivunjwe. Waliiunganisha kwao, wakaifungua vipande vipande, wakavifunga kwenye masanduku yapatayo 5,000, yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo, wakaiunganisha upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Waingereza nao walikuwa na swali lao: tutaifikiaje meli hiyo? Wazo halikutoka kwa mwanamaji. Lilitoka kwa mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee, mtu aliyezijua njia za bara hili kwa miguu, ambaye Aprili 1915 alikwenda London kwenye ofisi kuu ya jeshi la wanamaji na kusema kwamba boti ndogo za mwendo kasi zinaweza kuvutwa nchi kavu hadi ziwani. Wakachukua boti mbili za mita 12 zilizokuwa tayari kwenye kiwanda cha Thornycroft, wakaziita Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa reli, zikavutwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke juu ya milima ya Mitumba huko Kongo, zikashushwa ziwani Desemba 1915. Siku moja baada ya Krismasi ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916, Mimi pamoja na Kingani yenyewe, iliyokuwa imegeuzwa kuwa ya Waingereza, na vyombo vya Wabelgiji, zikaizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann.

Vita vile havikuwa vyetu. Tulivibebea mizigo, na watu wetu walikufa kwa mizigo hiyo. Lakini funzo la kiufundi tulichukue, kwa sababu tumelilipia. Kifaa cha majini hakianzi kwenye bunduki wala kwenye ukubwa. Kinaanza na mtu anayeijua njia na maji ya mahali, na fundi aliye tayari kumsikiliza. Hata uhai wa Liemba hadi leo ni kazi ya fundi: kabla ya kuizamisha, wale mafundi watatu waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina la Liemba. Grisi, wasikilizaji wangu. Kitu ambacho kila fundi baiskeli wa Mabamba anacho kwenye kopo.

Sasa tuje kwenye jambo lililo karibu na mioyo yetu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walijikuta wamekusanyika ufukweni Kagunga, kijiji cha mpakani ambacho mlima uko nyuma yake na ziwa liko mbele yake. Barabara haikuwapo. Kipindupindu kikaingia. Chombo kilichokuwapo cha kuwatoa watu wengi kwa mara moja kilikuwa ni Liemba ileile, ikichukua kama watu 600 kwa safari. Lakini Liemba haiwezi kusogea hadi ufukweni. Ilitia nanga mbali kidogo, na watu, kina mama wenye watoto mgongoni, wazee, wagonjwa, wakapelekwa kwa boti za wavuvi hadi ubavuni mwa meli, kisha wakapandishwa. Wengi wao walifikishwa Nyarugusu, Kasulu, na baadaye wengine wakahamishiwa Nduta kwetu Kibondo, na Mtendeli, Kakonko. Mnao majirani walioipanda meli ile.

Mimi nauliza: kazi ile ilihitaji nini? Haikuhitaji manowari. Ilihitaji chombo kifupi chenye tumbo bapa, kinachoweza kupanda mchangani, kikafungua mdomo wake wa mbele, watu wakaingia kwa miguu yao, kikarudi nyuma na kuwafikisha melini au moja kwa moja Kigoma. Chombo cha namna hiyo kipo duniani, na namna kilivyopatikana ndiyo sababu ya mazungumzo yangu leo.

Huko Louisiana, kusini mwa Marekani, kuna mabwawa yanayofanana na ya Moyowosi: maji machache, magogo, majani yanayokamata pangaboi. Mjini New Orleans alikuwako mjenzi wa boti aliyeitwa Andrew Higgins. Wateja wake walikuwa wawindaji wa manyoya na watafuta mafuta waliofanya kazi ndani ya mabwawa hayo. Akawatengenezea boti ya mbao ambayo pangaboi lake lilifichwa kwenye mfereji chini ya tumbo, ili ipite juu ya gogo bila kuvunjika, na pua yake iliyojikunja iweze kupanda ukingo na kurudi nyuma yenyewe. Mwaka 1938 alikuwa na wafanyakazi wapatao 75 tu.

Jeshi la wanamaji la Marekani wakati huo lilikuwa na michoro yake ya boti za kushushia askari, na maofisa wengi hawakumtaka mtu huyu wa mabwawani. Wanajeshi waliozijaribu ndio waliosema kweli: boti za Higgins zilikuwa bora. Zikaongezewa mlango wa mbele unaoshuka, wazo lililochochewa na vyombo vya Wajapani vilivyoonekana China mwaka 1937. Vita vilipokwisha, zaidi ya boti 20,000 za Higgins zilikuwa zimejengwa, nazo zilikuwa miongoni mwa boti zilizowafikisha askari kwenye fukwe za Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Boti ya wawindaji wa mabwawani iligeuka kuwa chombo cha jeshi kwa sababu ilizaliwa kwenye maji magumu, kwa mikono ya mtu aliyeyazoea.

Wamarekani wangeweza kuishia kumsifu Higgins. Hawakuishia hapo. Mwaka 1977 mtumishi wa taasisi yao ya taifa ya sayansi, Roland Tibbetts, alianzisha mpango wa kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti, na Julai 1982 ukawa sheria ya nchi. Sheria ile iliagiza hivi: kila idara ya serikali yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 itenge sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo peke yake. Miaka ya karibuni sehemu hiyo imekuwa asilimia 3.2. Kampuni ndogo kwao ni yenye watu wasiozidi 500. Jeshi la wanamaji lilikuwamo, na kwa miaka mingi limekuwa likiandika matatizo yake na kuyatangaza: tunataka betri isiyoshika moto ndani ya nyambizi, tunataka rangi inayozuia kutu, tunataka pampu nyepesi. Yeyote mwenye jibu anaandika.

Nawaomba wahusika waangalie hasa hatua zake, kwa sababu ndani yake mna busara. Hatua ya kwanza ni fedha kidogo ya kuonyesha kwamba wazo linawezekana. Miongozo ya mwaka 2011 iliiweka kwenye dola 150,000. Wazo likionekana kuwa na uhai, hatua ya pili, kwa miongozo hiyo, ilileta hadi dola milioni moja za kutengeneza kifaa chenyewe na kukijaribu. Hatua ya tatu haina tena fedha ya mpango: ni ununuzi. Jeshi linanunua, au soko linanunua. Mkulima wa maharage wa Kasulu hufanya vivyo hivyo akiletewa mbegu mpya: hapandi shamba zima, anapanda matuta machache, anaangalia mvua moja, kisha anaamua. Na jambo kubwa zaidi: hata kazi ikishindikana kwenye hatua ya kwanza, kama iliandikwa na kufanywa kwa uaminifu, mwenye kampuni hadaiwi. Nchi imejua kwamba njia ile haipiti, na hilo nalo ni mali.

Turudi nyumbani. Nani asema hatuna watu? Songoro Marine ya Mwanza, kampuni ya Watanzania, ilijenga kivuko cha MV Kazi kinachovusha watu kati ya Magogoni na Kigamboni, na imejenga vivuko vingine vya Ziwa Victoria. Kwa majirani zetu, Lamu nchini Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndala kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kwenye maziwa yetu, mafundi wa kawaida kabisa wamewaondolea wavuvi wa dagaa karabai za mafuta ya taa na kuwawekea taa za betri na sola. Hakuna aliyewapa shahada kwa kazi hiyo.

Na vyombo vya serikali vya kusaidia tunavyo. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ilianzishwa kwa sheria ya 1986, na ina mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Tangu 2019 tuna mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, ambayo yanampokea hata mbunifu asiyepita chuo. Jeshi lina kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu kule Kibaha, ambako magari yamebuniwa na Watanzania. Sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri inatoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu.

Basi pengo liko wapi? Naliona sehemu mbili. Ya kwanza: mkopo si fedha ya utafiti. Kijana akikopa halmashauri lazima aanze kurejesha baada ya miezi michache. Atanunua pikipiki au atafungua duka, na ana haki. Hawezi kukaa mwaka mzima akijaribu pangaboi lisilokamatwa na matete, huku kamati inamdai. Utafiti unataka fedha inayokubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Ya pili ni kubwa zaidi: hakuna anayemuuliza. Mbunifu wetu anabuni anachokifikiria mwenyewe, anakipeleka maonyesho, anapigwa picha na kiongozi, anapewa cheti, anarudi nyumbani. Mnunuzi hayupo. Na akisikia kuna zabuni, anakuta inauliza uzoefu wa miaka na kazi zilizofanana. Atazipata wapi kazi zilizofanana kwa kifaa ambacho hakijawahi kuwepo? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa taasisi kubwa, kuuliza ni kazi.

Najua patakuwa na mtu wa kusema: mambo ya jeshi ni siri. Ni kweli, yako ya siri, na yabaki hivyo. Lakini jeshi letu la wanamaji na vyombo vya uokoaji vina mahitaji mengi yasiyo na siri yoyote. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, watu 228 walipoteza maisha, na fundi wa kivuko alipatikana hai siku mbili baadaye, ndani ya mfuko wa hewa karibu na injini. Swali la kutangazwa ni hili: ni kifaa gani cha bei nafuu kinachoweza kubandikwa kwenye tumbo la chombo kilichopinduka na kusikia mtu anayegonga kutoka ndani? Fundi redio wa Kibondo anaweza kuanza kazi hiyo kesho. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na boti zao. Swali jingine: mvuvi apewe kifaa gani cha kuvunjia na kufungulia mlango, chepesi, kinachokaa botini bila kupata kutu?

Na yako ya kwetu hasa. Boti ya tumbo bapa yenye mlango wa mbele kwa ajili ya vijiji vya ufukweni visivyo na gati. Pangaboi la kupita kwenye matete ya Malagarasi. Boya la kuvaa linaloweza kushonwa Kasulu kwa bei ambayo mvuvi ataimudu, likapimwa na kupitishwa na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Taa ya kuashiria hatari inayochajiwa kwa jua. Boti inayofunguliwa vipande na kupakiwa kwenye lori, ili mafuriko yakitokea bondeni ifike siku hiyohiyo, bila kusubiri chombo kutoka Dar es Salaam. Hayo yote yanaweza kujaribiwa hapahapa, kwenye mto wetu, mbele ya watu wanaovuka kila siku ya soko.

Atasema mwingine: nchi rafiki zinatupa meli, za nini tabu hizi? Tunashukuru kwa meli. Kambi yetu ya wanamaji Kigamboni ilijengwa kwa msaada wa China, na msaada ule ulitufaa. Lakini meli uliyopewa inakuja na spea zake, na spea zina mwenyewe. Liemba ilisimama ikisubiri matengenezo, na serikali ikaingia mkataba na kampuni ya kutoka Croatia ili iifufue. Natamani ifufuke. Natamani pia kila mtambo utakaofungwa humo awepo kijana wa Kigoma aliyeufungua na kuufunga, ili miaka 20 ijayo tusiandike tena barua Ulaya.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi, na nalielekeza kwa wenye mamlaka. Wizara ya Ulinzi pamoja na COSTECH watoe kila mwaka orodha fupi ya matatizo ya maji yetu, kwa Kiswahili, isomwe redioni na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, Mabamba ikiwemo. Jibu linaloonyesha uhai lipewe fedha ndogo ya majaribio isiyo mkopo. Linalofaulu lipewe ya pili. Na kabla ya yote serikali iahidi kwa maandishi kwamba kifaa kikifaulu majaribio, itanunua cha kwanza, na haki ya ubunifu itabaki kwa aliyebuni. Madiwani wetu nao wanaweza kuanza kidogo: halmashauri itenge fedha kidogo nje ya mikopo, itangaze tatizo moja tu la mto, na isikilize watakaokuja.

Kwenu vijana wangu mlioko karakana, msingoje orodha hiyo ndipo muanze. Shukeni mtoni mkaangalie watu wanavyovuka wakati wa masika. Waulizeni wapiga makasia ni kitu gani kinawavunjikia mara kwa mara. Andikeni kwenye daftari, choreni, pimeni, pelekeni ofisi ya SIDO Kigoma na mdai mpokewe. Kina baba na kina mama mnaovuka kila wiki, waambieni vijana hawa mnachokijua, kwa sababu hakuna mhandisi wa Dar es Salaam anayeyajua maji ya Mabamba kuliko ninyi. Ujuzi huo ni sehemu ya ulinzi wa nchi hii, na wakati umefika nchi iulipie.